Marahaba ya Selina

Jumatatu, 3 Machi 2014

Kampuni inayohifadhi jukwaa letu la wafuga njiwa mtandaoni imeniandikia. Litafutwa mwisho wa mwezi, eti halina wachangiaji. Halina! Mimi ni nani basi? Kila asubuhi kabla ya kufungua duka la vitenge naandika habari za njiwa wangu wa juu ya paa hapa Kariakoo. Kila jioni nasoma nilichoandika. Wengine wote wamehamia grupu la WhatsApp la Yasser, wanakotumiana picha za maua na "asubuhi njema".

Jukwaa tulilianzisha mimi na kaka yake Yasser, marehemu Abdulla. Humo yamo maneno yake yote. Njiwa aliyerudi peke yake kutoka Morogoro, ugomvi wetu wa mtama na mahindi. Harshida, mke wangu, anasema nichape kwenye karatasi, yaishe. Haelewi. Kwenye karatasi nani atambishia Abdulla? Mtu yule aliishi kwa kubishiwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimejiunga na grupu la Yasser. Nikatangaza kwamba simu zinapofusha njiwa. Ushahidi ninao: mmoja wangu ni chongo. Nimeondolewa kabla chai haijapoa! Yasser kapita dukani, kanikumbusha kwa upole kwamba njiwa yule alikuwa chongo tangu enzi za marehemu. Kumbukumbu anayo. Adabu hana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimezaliwa upya! Jukwaani sasa naitwa Selina, binti wa Buguruni, nimemaliza kidato cha nne juzi tu. Njiwa wangu kapinda shingo, hali chakula, nami nalia. Ugonjwa nimeuazima kwa Sultani, njiwa wa Abdulla, ambaye Abdulla alimpenda kuliko sisi sote. Kisha mimi Ravindra nikamwandikia Selina asikate tamaa. Selina akanishukuru sana. Binti mwenye heshima.

Kumbe Harshida yumo kwenye grupu la Yasser siku zote. Usaliti ndani ya nyumba! Nimemwomba awapelekee kilio cha Selina. Kanitazama sana, kisha akakubali.

Jumamosi, 8 Machi

Wamerudi! Huyu anashauri kitunguu saumu, yule ndimu. Wamegombana, wamefukua aliyoandika Abdulla, wamembishia! Nililia mbele ya wateja, nikasingizia vumbi.

Na Yasser kaja. Kaandika kwamba kaka yake alimlisha Sultani uji kwa ncha ya kidole, akakosa hata harusi ya mpwa wake. Hilo sikuwahi kulijua. Halafu akanisalimia: Shikamoo kaka Ravindra.

Nikamjibu upesi: Marahaba mdogo wangu, Mungu akubariki.

Jumapili, 9 Machi

Balaa. Jana nilijibu nikiwa bado ndani ya jina la Selina. Binti aliyemaliza shule juzi kapokea shikamoo ya mwanaume mwenye mvi, tena shikamoo isiyo yake, tena kamwita mdogo wangu! Ningetukana, wangesamehe. Kabla sijalifuta jibu lile, picha ya skrini ilishafika kwenye grupu. Nimeandika kwamba Selina kalelewa na bibi yake, ndiyo maana. Wameondoka tena, na safari hii nimewafukuza mwenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Yasser kaja dukani. Nilijificha nyuma ya majora ya vitambaa, viatu vikabaki nje. Akasema, Shikamoo Selina. Sikuitikia. Akacheka mpaka akakaa chini. Kaniambia tangu mazishi hajathubutu kusoma maneno ya kaka yake, alikuwa anaogopa. Njiwa wa Selina ndiye aliyemrudisha. Akaomba tuyahamishie maneno hayo kwenye grupu, kipande kila asubuhi, mimi na yeye. Nimekubali, naye kanirudisha kwenye grupu. Tulikunywa kahawa.

Jumatatu, 31 Machi

Jukwaa limefutwa. Nilifungua, nikakuta kurasa tupu. Nimeumia kuliko nilivyotarajia, kama vile tumemzika mara ya pili.

Kwenye grupu, maneno ya Abdulla yanapita katikati ya maua. Watu wanaweka kidole gumba, basi. Hakuna hata mmoja anayembishia. Nimemlalamikia Yasser. Kasema na yeye inamkera.

Jumatano, 2 Aprili

Nimenunua simu ya Mchina na laini mpya! Naitwa Euphrasia, binti wa Kigamboni, njiwa wangu kavimba mguu. Safari hii sina mchezo: simu ya Euphrasia mfuko wa kushoto, yangu mfuko wa kulia. Yasser kamwingiza Euphrasia kwenye grupu bila swali. Euphrasia akaanza kwa adabu: Shikamoo Bwana Yasser.

Akaitikia Bi Severa, mjane wa Magogoni, mgeni aliyejiunga jana. Marahaba mwanangu, kasema. Kisha akadai marehemu Abdulla alikosea kabisa kuhusu mtama. Alikosea! Nimembishia mpaka saa ya kufunga duka, na yeye hakurudi nyuma hata hatua moja. Mwanamke gani huyu! Anamjua Abdulla utadhani wamelelewa nyumba moja.

Yasser mwenyewe hakuandika neno siku nzima. Kijana hajui anachokikosa.