Naomba Nirudishiwe Cheo cha Mzima Namba Moja

Karakana ya Majokofu,
Ghorofa ya chini, nyuma ya ngazi.

Kwa Mkurugenzi,
Taasisi ya Utafiti wa Tiba.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Yah: KUVULIWA UZIMA BILA BARUA

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya. Nasema hivyo kwa tahadhari, maana siku hizi hapa kazini neno "mzima" lina mwenyewe, na mwenyewe si mimi tena. Ndiyo sababu ya kukuandikia.

Mimi ni fundi wa majokofu. Huenda unanifahamu kwa miguu zaidi kuliko kwa sura, kwa kuwa kila unapopita huwa nimelala chini ya friza fulani, viatu nje. Kwa miaka kumi na minne kila kinachotakiwa kuwa baridi katika jengo hili kimekuwa baridi, na kinachotakiwa kuwa vuguvugu kimekuwa vuguvugu. Sijawahi kuleta malalamiko ila mara moja tu, kuhusu mtu aliyehifadhi chakula chake cha mchana pamoja na damu za watu.

Miaka miwili iliyopita, nikiwa katika hali hiyo hiyo ya kulala chini, mtafiti wa vipimo alichuchumaa karibu na miguu yangu. Huyu tunamwita Dada Matone, kwa sababu kutwa kazi yake ni kudondosha matone. Alinieleza kwamba anatengeneza kijiti cha kugundua ugonjwa wa figo mapema, kabla mtu hajavimba miguu wala kuhisi lolote. Tone la damu likidondoshwa juu yake, mgonjwa huonyesha mistari miwili, mzima huonyesha mmoja. Damu za wagonjwa alikuwa nazo. Alichokosa ni mtu mzima kabisa, wa kutoa damu kidogo kila mwezi, ili kijiti kijue uzima unafananaje. Nilipelekwa hospitali nikapimwa, nikaonekana sina doa, nikasaini fomu kwa hiari yangu, na mirija ya damu yangu ikabandikwa lebo: MZIMA NAMBA MOJA.

Mheshimiwa, sijawahi kuwa namba moja katika jambo lolote. Hata kuzaliwa nilizaliwa wa tano. Kwa hiyo cheo kile kilinikaa vizuri sana. Nilianza kupanda ngazi kifua mbele. Mke wangu akiniambia nipunguze chumvi, nilimjibu kwa upole kwamba kuna watu wenye shahada tatu tatu wanaoutumia mwili wangu kuujua uzima, kwa hiyo yeye apike, sayansi awaachie wenye nayo.

Nilikitumikia cheo hicho mwaka mmoja na miezi saba. Kisha yakanipata haya yafuatayo, nami nayapanga kwa namba ili iwe rahisi kuyashughulikia.

1. Kuhusu mstari. Siku moja damu yangu ilionyesha mstari wa pili. Ulikuwa mwembamba kama unywele, lakini ulikuwepo. Dada Matone alirudia mara tatu kwa vijiti vipya, na mstari ukabaki pale pale. Kikao kikaitwa. Uamuzi ukawa kwamba protini iliyopakwa kwenye kijiti ni chafu, inashika hata kisichoihusu. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba fundi anaumwa. Huo ulikuwa uongozi bora, na nasikitika kwamba haukudumu.

2. Kuhusu usafi uliopita kiasi. Kazi ya kuisafisha protini alipewa mtaalamu tunayemwita Kaka Chujio. Yeye huimimina kwenye mrija mrefu wa kioo uliojaa punje laini kama mchanga. Takataka hupita zikaenda zao, protini inayotakiwa hubaki imeng'ang'ania, halafu huioshaosha mpaka ikubali kushuka peke yake. Haya yote huyafanya ndani ya chumba cha baridi, nyuzi nne tu, amevaa sweta mbili na kofia ya sufu. Aliingia mle miezi mitatu kwa ajili ya kulisafisha jina langu, na mimi nilikuwa nikimpelekea chai mlangoni ili nimpe moyo. Lakini kila alipotoka na protini safi zaidi, mstari wangu ulizidi kukolea. Ya kwanza ilinichora kwa penseli, ya pili kwa kalamu, ya tatu ikanichora kwa mkaa. Ninacholalamikia ni kwamba protini ikisafishwa mno inapoteza staha. Ile chafu ya zamani iliweza kuona mambo ya mtu ikanyamaza.

3. Kuhusu matumizi ya maneno yangu. Baada ya mstari wa mkaa, Dada Matone alikuja karakana, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuanza na habari ya kijiti. Aliniuliza friza ikionyesha kwamba joto limepanda huwa naanzia wapi. Nikamjibu kama ninavyowajibu wote wanaonisumbua kwa simu: msilaumu kipimajoto, tazameni friza. Na mimi nikasikia nilichokisema.

"Fundi," akasema, "nimelaumu kipimajoto miezi mitatu. Nakuomba twende hospitali."

Mheshimiwa, fomu niliyosaini inataja damu tu. Hakuna mahali nilipokubali maneno yangu yachukuliwe na kutumika dhidi yangu.

Hospitali daktari alikuta presha yangu imepanda, na inaelekea ilipanda kitambo bila mimi kujua. Figo zilikuwa zimeanza kuumia, kidogo. Neno hilo "kidogo" alilitamka mara mbili. Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye, hata vidole nilishaanza kuvihesabia hoja, lakini mke wangu aliyekuwa pembeni alivishika vile vidole akavikunja. Akauliza, "Itakuwaje?" Daktari akasema kwa vidonge na uangalifu zinaweza kulindwa miaka mingi. Njia nzima ya kurudi nyumbani mke wangu hakuitaja chumvi hata mara moja. Ningefurahi kama angeitaja.

4. Kuhusu mtunza bustani. Cheo changu kilihamishiwa kwake siku ile ile, bila barua, bila makabidhiano. Ni mtu mwema, sina ugomvi naye. Ila anapanda ngazi mbili mbili, huku akipiga mluzi, na akinikuta njiani ananiambia, "Pole, fundi." Nimeomba mara kadhaa aseme "habari" kama watu wengine. Anasema hiyo pole inamtoka yenyewe.

5. Kuhusu ndugu zangu wa ghorofa ya pili. Hili ndilo kubwa, na ningelitanguliza kama nisingeogopa kwamba utaiacha barua hapo hapo.

Nilipokuwa bado na cheo, sehemu ya damu yangu ilipelekwa kwa mtafiti wa seli shina, ambaye jengo zima linamwita Mama Mlezi. Alizirudisha seli zangu utotoni, zikawa seli shina, yaani seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini. Kisha akazibembeleza wiki nyingi mpaka zikaamua kuwa figo, figo ndogondogo, kila moja kama punje ya ufuta. Kwa kuwa zilitokana na damu ya kabla ya mkasa, lebo yao haikuguswa. Mpaka leo hii sahani zile zimeandikwa MZIMA NAMBA MOJA. Zinakaa ndani ya kabati la nyuzi thelathini na saba, ambalo mimi ndiye ninayelihudumia. Zinalishwa kila siku, sikukuu zikiwemo, maji ya rangi ya waridi yenye lishe ya kila aina. Mimi baba yao nimepunguziwa chumvi mpaka viazi havinitambui.

Wiki iliyopita nilipanda kubadilisha mpira wa mlango wa kabati hilo. Nilipomaliza nilimwomba Mama Mlezi anionyeshe. Akaweka sahani chini ya hadubini, akanipisha kwenye kiti chake. Nilitazama muda mrefu. Nilidhani nitaona kitu cha kutisha, nikaona vitu vidogo vya duara vimetulia, kila kimoja na vijifereji vyake ndani, safi kabisa. Nikamuuliza kama ni zangu kweli.

"Ni zako," akasema. "Za kabla hujaugua."

Jicho langu lilitoa machozi kidogo. Taa ya ile hadubini ni kali na nashauri ipunguzwe.

Halafu ndipo aliponieleza kwamba nusu ya zile figo zitaumizwa kwa makusudi, kisha zijaribiwe dawa, ili ijulikane ni ipi inayozilinda. Nikauliza kwa idhini ya nani. Akanionyesha ukurasa wa nne wa fomu, na sahihi yangu chini. Nakiri niliisaini. Lakini zenyewe hazikuulizwa.

Kutokana na hayo, Mheshimiwa, hoja yangu ni nyepesi. Figo za ghorofa ya pili ni nzima. Figo hizo ni zangu, Mama Mlezi ni shahidi. Mtu mwenye figo nzima ni mzima. Kwa hiyo mimi ni mzima, isipokuwa nikiwa chini. Naomba basi yafuatayo yatekelezwe mapema iwezekanavyo:

(a) Kila nikikanyaga ghorofa ya pili nitambuliwe kama Mzima Namba Moja, na cheo hicho kikome nikishuka ngazi.

(b) Kijiti kifundishwe adabu. Kwa mtumishi aliyetimiza miaka kumi kazini, kisionyeshe zaidi ya mstari mmoja, hata kama kimeona.

(c) Kaka Chujio aamriwe kuacha uchafu kidogo ndani ya protini, kwa hekima yake.

(d) Mtunza bustani abandikwe lebo ya MZIMA WA MUDA.

Nimesikia kwamba kuna pendekezo niingizwe kwenye orodha ya wagonjwa wanaosaidia utafiti. Nimeuliza. Wapo arobaini, kwa hiyo mimi nitakuwa wa arobaini na moja. Mheshimiwa, weka mkono moyoni. Toka namba moja hadi arobaini na moja, kwa mwezi mmoja? Hata kompresa mbovu ya friza haishuki namna hiyo. Ombi langu lisiposikilizwa, nitalazimika kutengeneza majokofu yako kwa mwendo unaomfaa mtu niliyeambiwa kwamba ndiye mimi, yaani polepole, na kupumzika kila baada ya skrubu mbili.

Nifikishie salamu kwa mlinzi wa getini, kwa dada wa mapokezi anayenikumbusha vidonge saa nne kamili bila kuombwa, kwa Kaka Chujio na mafua yake, kwa Dada Matone ingawa sijamaliza kununa, na kwa wale wadogo wa ghorofa ya pili, hasa ile nusu itakayoumizwa.

Ni mimi, ninayekupisha njia kila asubuhi kwa kukunja miguu,

Fundi wa majokofu
(aliyekuwa Mzima Namba Moja)

Nyongeza: Barua hii ilikaa mezani siku nne nikitafuta bahasha, na katika siku hizo kaka yangu mkubwa alikuja kututembelea. Aliucheka ugonjwa wangu tangu mlangoni. Alisema yeye ni uchovu tu unaomsumbua, na kwamba tumbo moja halizai mgonjwa na mzima. Hilo la mwisho lilininyima raha. Nikamleta hapa, akasaini fomu yake kama wengine wanaojitolea, na Dada Matone akadondosha tone. Ilitoka mistari miwili, yote myeusi. Hakumpa jibu lolote, alisema kijiti bado kiko kwenye majaribio, akatuandikia barua ya hospitali. Hospitali walimlaza siku hiyo hiyo. Wanasema angeendelea na uchovu wake miezi michache zaidi, wangekuwa na maneno mengine ya kutuambia. Jana alikaa kitandani akanigombeza, na ninamshukuru Mungu kwa kila neno alilonigombeza.

Kwa hiyo Mheshimiwa, naomba barua hii uisome tu, usiifanyie kazi. Kijiti kisiguswe. Protini izidi kusafishwa, hata ikikosa staha kabisa. Fomu ya wagonjwa nimekwishaijaza, na hiyo namba ya arobaini na moja nimeipokea.

Kesho namleta dada yetu. Anaogopa sindano tangu utotoni, atasimama getini kwa muda kabla ya kuingia. Naomba asubiriwe.