Anayeingia Aingilie Kibaha

Jumatatu, 3 Februari
Mama Juliana, mkurugenzi wetu hapa kiwanda cha kutotolesha vifaranga Kibaha, ameagiza: kwenye mfumo wetu wa mtandaoni, kila mtu apewe ruhusa ya kazi yake tu. Mgawaji ni mimi, Dotto. Hatimaye! Nimejipa ruhusa zote. Evaline wa tawi la Kisarawe, anayesifiwa kila kikao, nimempa ya kusoma tu.

Jumanne, 4 Februari
Evaline kaomba aongezewe. Nimeongeza sera badala yake, ya kampuni nzima: mfumo unafunguka kupitia mtandao wa ofisi ya Kibaha pekee. Akapiga simu. Akauliza, kwa adabu ya kuudhi, mtandao wa Kibaha ukikatika tutaingilia wapi. Nikamjibu hilo ni suala la kitaalamu. Nikakata kabla hajauliza utaalamu gani.

Jumatano, 5 Februari
Nimetumwa Kisarawe kufundisha usalama wa mfumo. Nikafungua kompyuta mbele ya wafanyakazi wote. Imegoma! Niko Kisarawe, sera yangu inataka Kibaha. Nikatangaza kwamba hilo ndilo somo lenyewe. Wakapiga makofi. Evaline hakupiga.

Alhamisi, 6 Februari
Greda la barabara limekata waya wa intaneti wa ofisi yetu pale Sofu, hapahapa Kibaha. Hakuna anayeingia kwenye mfumo, hata mimi. Oda zote zimo humo. Vifaranga wameshatotolewa, maboksi yamefika hadi chini ya meza yangu. Joto. Kelele. Wafugaji kutoka Chole wamejaa mlangoni.

Mmoja wao, Mzee Mwinjuma, akasema, “Mwanangu, viumbe hawa watakufa wewe unabonyezabonyeza tu?”

Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia.

Mama Juliana akatoa akaunti ya dharura, isiyoguswa na sera yoyote. Kumbe Evaline ndiye aliyemshauri aiweke! Akaifuta sera yangu kwa intaneti ya simu yake ya mkononi, Evaline akimwelekeza kutoka Kisarawe. Oda zikafunguka. Vifaranga wakaondoka salama. Mzee Mwinjuma akamshukuru Evaline, ambaye hata hakuwepo.

Ijumaa, 7 Februari
Kikao kifupi. Mgawaji wa ruhusa sasa ni Evaline. Mimi nasoma tu, tena joto la mashine namba mbili. Mama Juliana akauliza kama nimejifunza. Nikajibu nimejifunza sana. Greda lile halikuwa na dereva makini.

Baadaye nikampigia Evaline. Nikamwomba aniongezee ruhusa moja tu, ndogo: ya kugawa ruhusa. Akacheka mpaka akakohoa.

Hakukataa. Nasubiri.