Kiini Kipya cha Idara ya Ndoa

Kwa furaha isiyo na kifani, umma unatangaziwa kwamba Idara ya Usajili wa Ndoa imeingia rasmi katika zama mpya. Kompyuta yake imesasishwa mpaka kwenye kiini cha mfumo, ndani kabisa, mahali ambapo hakuna mkurugenzi aliyewahi kufika. Kuanzia leo, hakuna atakayehesabiwa kuwa ameoa au ameolewa mpaka kompyuta iseme. Waliokwisha kupendana wavumilie.

Lilibaki jambo dogo tu, nalo ni kompyuta yenyewe kuwaka.

Mkurugenzi hakutaka kuliita tatizo. Alikuwa mgeni kwenye kiti, na Waziri aliyempa kiti hicho alikuwa njiani kuja kushuhudia ndoa ya kwanza ya zama mpya. Kwenye simu Waziri alikuwa amesema kwa upole wa kutisha, "Sitaki kuaibika." Mkurugenzi alikipenda sana kiti chake na hakuwa na mpango wa kuachana nacho.

Ieleweke kwamba Idara ina utaratibu wake. Mkurugenzi anapohutubia, kila chombo chenye sauti huzimwa: feni, simu, hata birika la umeme. Asubuhi ile fundi wa kompyuta alikuwa katikati ya kuweka kiini kipya, na Mkurugenzi akasimama kuwahutubia wafanyakazi kuhusu umuhimu wa kiini kipya. Kompyuta ikawa inavuma.

"Nani anayenguruma?"

"Ni mashine, mheshimiwa. Inajisasisha. Tusiiguse kwanza."

"Mimi naongea, na yenyewe inaongea?"

Akachomoa waya kwa mkono wake mwenyewe. Wafanyakazi walipiga makofi, na hotuba ilikuwa nzuri sana.

Tangu hapo kompyuta ilikuwa ikiwashwa inaonyesha mistari michache ya maandishi meupe, kisha inanyamaza kama mtu aliyesusa. Nje, kwenye korido, bibi harusi alikuwa amekaa na gauni lake jeupe, bwana harusi akimpepea kwa kofia. Kando yao alikaa shangazi wa bibi harusi na mumewe, mzee aliyekuwa mkurugenzi wa idara hii hii kabla ya kustaafishwa ili kupisha zama mpya. Mzee alikuwa anakoroma.

Shangazi alichungulia mlangoni. "Baba, tunaozesha leo au tunasubiri wajukuu?"

"Mama yangu, mfumo upo katika kipindi cha mpito."

"Mpito wa kwenda wapi? Mtoto wa watu kajipamba tangu alfajiri, poda yote imeshuka shingoni!"

Mkurugenzi akafunga mlango kwa heshima, akaunda Kamati ya Dharura ya Kuwasha. Kamati ilikaa mbele ya kompyuta na kukubaliana kwamba haijafa, bali haijaanza kazi kwa kasi iliyotarajiwa. Afisa utumishi akauliza kama imepewa nafasi ya kujieleza. Ikapewa. Ikanyamaza, na wajumbe wote wakakunja uso kwa ukosefu huo wa nidhamu. Mhasibu akasema labda imekata tamaa, ipandishwe cheo. Ikapandishwa, ikafungwa utepe mwekundu, wakaiwasha tena. Ikasusa na cheo chake.

Fundi, mtu wa maneno mengi na ujasiri kiduchu, akanyoosha kidole. "Mheshimiwa, kiini cha zamani bado kimo. Hatukukifuta. Nikikichagua wakati inaanza, inawaka sasa hivi."

"Cha zamani? Tulichokiaga kwa keki? Idara hairudi nyuma!" Kisha akashusha sauti. "Kwani hicho kiini ni nini hasa?"

Fundi akafikiri haraka jibu lisilomponza. "Ni kama wewe, mheshimiwa. Ndiye mkurugenzi wa mashine. Akikaa sawa, kila kitu kinajua kazi yake. Asipokaa sawa, hakuna kinachokwenda."

Mkurugenzi alilipenda jibu hilo mno, akamwagiza alirudie kwa sauti Kamati nzima isikie. Alikuwa bado anatabasamu Waziri alipoingia. Waziri alikuwa mama mfupi mwenye miwani na asiye na muda, na nyuma yake shangazi alishajipenyeza.

"Haya. Iko wapi ndoa?"

"Mheshimiwa Waziri," Mkurugenzi akaanza, jasho likimtiririka, "kosa liko kwenye kiini kipya. Kiini ndiye mkurugenzi wa mashine. Huyu mpya ameshindwa kabisa. Mzigo mtupu!"

"Ameshindwa kwa nini?"

"Kiburi, mheshimiwa!"

"Kiburi cha nani?" shangazi akadakia. "Si wewe uliyechomoa waya mashine ikiwa kazini? Tulikuona kupitia mlangoni, korido nzima!"

Waziri akamgeukia fundi. Fundi akatazama dari, na dari haikumsaidia. "Ni kweli, mheshimiwa," akanong'ona.

"Na wa zamani yupo?" Waziri akauliza.

"Yupo!" Mkurugenzi akarukia swali, akiona mlango wa kutokea. "Hakufutwa. Yupo karibu kabisa, na alikuwa anafanya kazi vizuri."

"Sasa mpya akishindwa na wa zamani yupo, tunasubiri nini? Huyu atoke, yule arudi. Leo hii."

"Uamuzi wa hekima!" Mkurugenzi akapiga makofi, Kamati ikapiga naye.

Waziri akafungua mlango wa korido. "Mzee, amka. Kiti chako hicho hapo."

Makofi ya Mkurugenzi yaliendelea kidogo yenyewe, kisha yakaisha. Mzee akaingia akifikicha macho, akamwambia fundi, "Washa cha zamani, kijana, tuozeshe." Fundi akachagua, skrini ikang'aa, cheti kikachapwa. Shangazi akapiga vigelegele mpaka utepe ukaanguka, na bibi harusi akalia na kucheka kwa pamoja.

Mkurugenzi akajikuta kwenye benchi la korido. Fundi alipopita, akamshika mkono.

"Na mimi sasa?"

"Usiwe na wasiwasi, mheshimiwa," fundi akamfariji. "Kiini kipya kikishindwa huwa hatukifuti. Kinabaki humohumo ndani. Ila hakichaguliwi tena."

Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa, akasogea pembeni kidogo ili maharusi wapate nafasi ya kupiga picha.