Mkusanyo wa Ubeid

Jumatano, 1 Machi 2006. Mesquite.

Siku kubwa! Bi. Theodora amekuja kutoka Houston. Ni msimamizi wa maonyesho katika jumba dogo la sanaa huko, na anaandaa katalogi, kitabu kinene cha picha za wachoraji wahamiaji. Amekuja kumwona Bisimwa. Huyu ni jirani yangu, Mkongo wa Bukavu. Mchana anapanga boksi ghalani, jioni anachora juu ya boksi hizohizo gerejini kwake. Mimi ni wakala wake. Hajaniteua, lakini mtu akisubiri kuteuliwa katika nchi hii atazeeka amesimama.

Bi. Theodora alizitazama picha zote kimya. Nikamtafsiria Bisimwa ule ukimya kadiri nilivyoweza. Mwisho akauliza picha ya kwanza kabisa iko wapi, ile ya mlango niliyomtajia kwenye simu. Bila hiyo, alisema, hizi nyingine hazina mwanzo, na Bisimwa atapata nusu ukurasa pembeni. Ikiwemo, atapewa kurasa nane. Kitabu kinafungwa Ijumaa ya wiki ijayo.

Picha yenyewe iko Cedar Hill kwa binamu yangu Faraj. Bisimwa aliwapa yeye na mkewe Jannat siku ya harusi yao. Sasa ameniomba nikaiazime, maana Faraj ni damu yangu. Amenishika mkono: "Ubeid, usifanye mambo mingi. Umuombe tu." Anataka nakala moja ya kitabu ampelekee mama yake Bukavu. Mama anajua mwanawe anabeba boksi. Zaidi ya hapo hajui kitu juu yake tangu alipoondoka.

Kazi rahisi. Rahisi mno! Hapo ndipo nilipoanza kufikiri.

Alhamisi, 2 Machi.

Ninazo katalogi nyingi, za duka la vitabu vikuukuu. Insha zake sisomi. Ni ndefu na hazina watu. Nasoma maandishi madogo chini ya picha: jina la picha, mwaka, kipimo, kisha "Mkusanyo wa Bwana na Bibi Fulani". Kila picha! Mchoraji amehangaika maisha yake yote, mwenye picha amekaa kwenye sofa, na majina yao yanalala ukurasa mmoja. Wengine huandikisha "mkusanyo wa mtu binafsi". Wapumbavu hao. Mtu amiliki kitu cha kutiwa kitabuni halafu ajifiche?

Faraj ana kila kitu. Ni muuguzi, ana nyumba ya matofali, ana majani yaliyokatwa vizuri. Mimi naendesha gari la abiria wa uwanja wa ndege. Jina langu limeandikwa mahali pamoja tu, kwenye kadi iliyobandikwa mbele ya kiti changu, na abiria hawaisomi. Haki iko wapi?

Nimemweleza mke wangu Mwatime kwamba picha ikiwa yangu kabla ya Ijumaa ijayo, kitabu kitaandika "Mkusanyo wa Ubeid". Amenikumbusha kwamba picha si yangu. Nimemwambia hilo ni la kurekebisha.

Jumamosi, 4 Machi.

Kwetu Mombasa, mgeni akikisifu kitu mara mbili, mwenye nyumba muungwana husema: chukua, ni chako. Hivyo ndivyo marehemu ami yangu alivyopata saa ya ukutani, redio na mbuzi mmoja. Hakuomba kamwe. Alikuwa akisifu tu.

Nimefika kwa Faraj baada ya alasiri. Nikaisifu picha. Faraj akasema ahsante. Ahsante! Nikaisifu tena, kwa sauti. Akasema ahsante tena, akaniongeza chai. Texas imemharibu huyu kijana. Nikasimama, nikausifu mlango, nikasifu rangi, nikasifu mpaka msumari. Jannat alikuwa amekaa chini ya picha, mtoto wao mchanga mapajani. Akanikazia macho, akaniuliza mbona sisemi mashallah. Kweli, nilikuwa nimesahau. Nikaisema, lakini ilikuwa imechelewa, na wote watatu tulijua.

Nimerudi bila picha. Nimepewa mahamri. Habari ya kuazima sikuigusa kabisa. Kitu ukishakiazima huwezi tena kupewa.

Jumapili, 5 Machi.

Balaa. Jannat amempigia simu Mwatime. Tangu nilipotoka mtoto analia, ana homa, hataki ziwa. Na picha imeanguka yenyewe ukutani! Jannat anasema ni jicho langu. Ameifunga picha kwa shuka na kuipeleka gerejini. Anataka maji ya udhu wangu amwogeshe mtoto, kama afanyiwavyo mtu aliyepigwa na kijicho.

Nimekasirika sana. Mimi, jicho? Kisha nikafikiri kidogo, hasira ikapoa. Picha isiyotakiwa inatafuta mwenyewe. Nimempigia Faraj, nikamwambia kwa upole kwamba maji nitaleta, na papo hapo nitawaondolea ule mkosi. Faraj akasema hakuna mkosi. "Ni ear infection, Ubeid, sikio tu, nishampa dawa." Msumari aliupigilia yeye mwenyewe vibaya. Picha ni zawadi ya harusi yake na haitoki. Nikamjibu kwamba basi na mimi hayo maji nitayafikiria.

Nilipoweka simu nikamwona Mwatime amesimama nyuma yangu. Aliniuliza kama nimeanza kufanya biashara kwa homa ya mtoto. Nilitaka kumweleza. Nikaona afadhali nikatawadhe.

Jumatatu, 6 Machi.

Nimepeleka maji kwenye chupa ya plastiki. Mtoto amepona. Faraj anasema ni dawa, Jannat anasema ni maji, nami nimewaunga mkono wote wawili. Walipoingia jikoni nikapenya gerejini.

Nikafungua shuka. Nakiri kwamba picha ile sikuwahi kuitazama. Nilikuwa nikiisifu tu. Ni mlango wa buluu, wazi nusu. Kizingitini pana mguu mmoja, wa nani haijulikani. Mistari ya boksi inaonekana chini ya rangi. Bisimwa aliwahi kuniambia ule ni mguu wake, siku aliyoondoka. Hakugeuka nyuma, maana angegeuka asingeondoka. Siku hizi hana hakika hata na rangi ya mlango wa mama yake. Anachokumbuka ni picha yake mwenyewe, na boksi halidumu.

Nikaukumbuka mlango wa kwetu Majengo, ulivyokuwa ukikwaruza sakafu tukichelewa kurudi. Uliuzwa na nyumba yake. Sijui nani anaufungua sasa. Nikalia pale kati ya mashine ya kukatia majani na matairi ya zamani. Sioni haya kuliandika hilo.

Nilipomaliza kulia nikatoa lebo mfukoni. Nilikuwa nimeiandaa nyumbani kwa herufi kubwa: MKUSANYO WA UBEID, MESQUITE, TEXAS. Nikaibandika nyuma ya picha kwa utepe ule mpana wa kufungia boksi. Wataalamu husoma mgongo wa picha kabla ya uso wake. Nimelisoma hilo mahali.

Jumanne, 7 Machi.

Bisimwa ameniuliza Faraj kasemaje. Nikamjibu kwamba mazungumzo yamefika pahali pagumu. Akachukua simu akampigia mwenyewe, mbele yangu. Akamsalimia, akamuulizia mtoto, akaomba. Basi! Faraj alikubali kabla hajamaliza, hata akauliza kama inahitajika fremu. Kisha akataka kusema nami. Kwa nini Jumamosi sikusema hivyo tu? Nikamwambia simu inakatika.

Mpiga picha anakuja kwao keshokutwa. Bisimwa ameosha brashi zake akiimba wimbo wa kanisani kwao. Sijawahi kumsikia akiimba. Nilikuwa nusu ya njia kurudi nyumbani nilipoikumbuka lebo.

Alhamisi, 9 Machi.

Kumbe wapiga picha huzigeuza picha zote! Ndiyo kazi yao, kuzigeuza. Bi. Theodora amepiga simu kutoka Houston. Picha moja, wenyewe wawili. Kwenye jumba lao picha yenye ubishi wa mwenyewe haiingii kitabuni. Ameniuliza ni ya nani, maana kesho jioni wanafunga. Nimeomba muda wa kutafakari.

Jannat alijaribu kuivuta lebo, ngozi ya boksi ikaanza kuchanika nayo, akaiacha. Faraj amenipigia. "Njia ya mwongo fupi, Ubeid." Akakata.

Lakini nimetafakari. Nikinyamaza hadi kesho, Faraj hatakubali Bisimwa apoteze kurasa nane kwa sababu ya maandishi madogo. Atasema basi, iwe ya Ubeid. Faraj ni muungwana, na hilo ndilo tegemeo langu. Mwatime ameniambia mtaka yote hukosa yote, kisha akahamishia mto wake chumba cha wageni.

Ijumaa, 10 Machi.

Nimetoka msikitini nikamkuta Bisimwa sebuleni, na nguo zake za kazi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Majibu yote nilikuwa nayo. Hakunitukana. Alikaa, akaitazama mikono yake, akasema: "Macho ya mama inaisha, Ubeid. Mwaka kesho hata kitabu haitamusaidia." Kisha akamuuliza Mwatime kama kuna chai.

Ni vigumu kubishana na mtu anayekunywa chai. Nilimfikiria yule mama. Nikalifikiria na jina langu. Kama angenigombeza kidogo tu, wallahi, ningeshinda.

Nimempigia Bi. Theodora. Nimemwambia picha ni ya Faraj na Jannat, na lebo ni kosa la wakala. Hakuuliza wakala ni nani. Nimeumia. Nimeumia kweli, wala sitajifanya nimefurahi kutenda haki. Bisimwa ameniaga kwa kunikumbatia kwa muda mrefu, na mto wa Mwatime umerudi.

Ijumaa, 12 Mei. Houston.

Ufunguzi! Nimewaleta wote kwa gari langu la kazi, picha ya mlango imefungwa mablanketi kwenye viti vya nyuma. Ukumbi umejaa. Bisimwa amevaa suti ya harusi ya mtu mwingine. Watu wanamuuliza maswali marefu, naye anajibu "ndiyo" na kutabasamu.

Katalogi imetoka. Kurasa nane! Mlango umepewa ukurasa mzima, buluu yake imekolea. Chini yake: Mkusanyo wa Faraj na Jannat. Faraj anapeana mikono na wageni utadhani mlango aliuchonga yeye. Nimetafuta jina langu kurasa zote. Nimelipata mwisho, kwenye shukrani, baada ya wachapaji na kabla ya wapishi: Ubeid, kwa usafiri.

Kwa usafiri!

Bisimwa hakuacha kitabu kitoke mkononi. Kuna mchungaji wa kwao anayesafiri kwenda Bukavu. Amemkabidhi nakala ya mama imeviringishwa ndani ya shati, akamwagiza mara tatu isilowane.

Jumamosi, 17 Juni. Mesquite.

Kitabu kimefika. Bisimwa amekuja mbio, viatu hajafunga, ametoka kusema na mama yake kwenye simu. Mama amekipeleka kitabu dirishani penye mwanga na kukisogeza karibu na uso. Amesema rangi ni ileile, mwanawe hakukosea. Amesema hakujua kama mtu anaweza kubeba mlango kichwani hadi Amerika.

Kisha akasema juu ya mguu. "Ule muguu si wako. Weye ulikuwa umeshafika kwenye barabara. Ule ni wangu, nilitoka kukufuata, na hukugeuka."

Bisimwa ameyasema hayo akiwa amesimama, halafu akakaa kwenye ngazi zangu. Miaka yote hii alidhani amechora kuondoka kwake. Mtu anachoraje kitu ambacho hakukiona? Sijui. Nilikaa naye, nikamshika bega, tukalia wote wawili, na Mwatime akalia ndani. Nilifurahi kwamba nilipiga ile simu. Naandika kwa dhati. Mimi si mtu mbaya.

Alipotulia akanieleza na mengine. Mlango wenyewe bado upo. Rangi imebabuka lakini ni ileile, na mama hataki kuugusa mpaka mwanawe arudi.

Nimekaa na maneno hayo mchana kutwa. Mlango wenyewe upo! Picha ina wenyewe, nimekubali, sina neno. Lakini mlango haumo katika mkusanyo wa mtu yeyote. Bi. Theodora angeusimamisha katikati ya ukumbi, na kitabu cha pili kingekuwa kinene kuliko cha kwanza. Nimemwomba Bisimwa namba ya simu ya mama yake, nimsalimie kama mama yangu mzazi. Amenipa akiwa bado anafuta machozi. Nitampigia kesho. Nitamjulia hali kwanza, nimuulize na habari ya macho, kisha nimweleze faida za mlango wa chuma.