Jeshi la Tumbo Chini ya Draya

Kauli alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, redio ilipomwonyesha njia ya utajiri. Mtaalamu wa lishe mwenye sauti ya upole alikuwa anaeleza kwamba ndani ya mtindi wanaishi bakteria wadogo wasioonekana kwa macho, na kwamba baadhi yao wakifika utumboni wakiwa hai huwasaidia wenzao wema waliomo humo na kuwabana wabaya. "Lakini," akaendelea mtaalamu, na hapo hapo kinyozi akabadilisha stesheni kutafuta mpira.

Ile lakini haikumfikia Kauli. Hata ingemfikia, asingeifungulia mlango. Tayari alikuwa amesimama, kitambaa cha kinyozi bado shingoni.

"Kaa chini wewe, upande wa kushoto sijaugusa!"

"Utaumalizia nikiwa tajiri," Kauli akajibu, akatoka.

Watu walimwita Kauli kwa sababu kauli ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo. Alikuwa na suti moja, chumba kimoja cha kupanga, na dada mkubwa mmoja aliyemlea baada ya wazazi kufariki na ambaye Kauli hakuwahi kumdanganya bila kukamatwa. Kauli alimwogopa dada yake kuliko polisi. Hata hivyo ilibidi aanzie kwake, maana maziwa yanataka friji, na friji ilikuwa ya dada.

Dada aliuza barafu kwa watoto wa shule. Friji ile, yenye kibandiko cha kipepeo mlangoni, ndiyo iliyolipa ada, kodi na hata ile suti. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo ilikaa bila kazi.

"Mpaka shule zifunguliwe tu, dada. Nakuapia."

Dada akaweka mkono juu ya friji. "Sikiliza, mdogo wangu. Ukiipoteza hii, usije kwangu. Nitasema sina ndugu, na nitakuwa nasema kweli."

Tumbo la Kauli likanguruma. Lilikuwa na tabia hiyo, kila akiogopa lilipiga ngoma. Akacheka kulifunika sauti, akaita mkokoteni.

Mtindi aliununua kwa Mama Mtindi wa pale kona, mwanamke mnene mcheshi ambaye kila jioni alifunika chungu chake kwa blanketi kama anayemlaza mtoto. Kauli akachukua ndoo nzima, akautia sukari ya kutosha, akaujaza kwenye vichupa vya dawa vilivyooshwa, akabandika karatasi iliyosema JESHI LA TUMBO. Yeye mwenyewe hakuonja hata tone. Tangu utotoni harufu ya mtindi ilimchefua.

Mteja wake wa kwanza alikuwa mwenye saluni ya mtaa wa pili, mama mwenye macho makali aliyesifika kwa ubahili. Wateja walikuwa wamepangwa chini ya madraya, rola kichwani, wakingoja nywele zikauke. Hadhira iliyofungwa hivyo haipatikani kila siku.

"Madam," Kauli akaanza, "hii siyo chupa. Hii ni kambi. Humu wamo askari mabilioni wa ukoo bora, waliolelewa kwa nidhamu. Ukiwameza wanashuka kwa gwaride, wanafika utumboni, wanauliza kwa adabu: nani anamsumbua mama yetu?"

Wateja wakacheka. Mwenye saluni hakucheka. "Wako hai?"

"Hai kuliko mimi!"

"Wanakula nini?"

"Maziwa tu. Hawana makuu."

"Na wanazaa?"

"Kuliko sungura, madam! Kijiko kimoja ukikitia kwenye maziwa, asubuhi unakuta taifa." Hapo Kauli alikuwa amenogewa, na akinogewa huwa hasikii hata anachokisema mwenyewe.

"Na hali ya hewa? Wanapenda baridi?"

"Baridi ni ya kulala. Kuzaliana wanataka vuguvugu, kama la kichwa kilichofunikwa blanketi."

"Nipe kimoja."

"Kimoja tu? Na tumbo la mzee nyumbani? La watoto?"

"Kimoja kinatosha," akasema yule mama, akalipa, akakitia kichupa mfukoni mwa aproni. Kauli akatoka akimhurumia. Wachoyo, alijisemea, hata bahati ikiwabishia hodi wanachungulia dirishani.

Jeshi likasonga mbele. Kauli alipita maofisini, gereji, hadi kwa mafundi cherehani, na kila alikopita matumbo yalianza kujisikia vibaya ili yapate kupona. Wengine kweli walisema wamepata nafuu. Wengine hawakuona tofauti yoyote, lakini kwa bei ile waliona haya kukiri.

Kisha akampata samaki mkubwa: mwenye hoteli, mtu wa kitambi na mkanda wa ngozi ya mamba, aliyesikiliza yote, pamoja na ile ya sungura, akapiga hesabu papo hapo kwamba wageni wake wangenunua jeshi hilo kwa bei mara tatu.

"Lakini nilishawahi kuingizwa mjini," akasema. "Mtu aliniuzia asali, kumbe sukari guru. Sasa wewe utaniletea kichupa kimoja Jumamosi. Nitakitia kwenye maziwa yangu, mbele ya macho yangu. Yakiganda, nachukua mzigo wako mwaka mzima."

Kauli akarudi chumbani akiruka vidimbwi. Alikuwa anafungua mlango alipopigwa kwenye paji la uso na kifuniko.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Sukari na joto vilikuwa vimekutana na bakteria wa Mama Mtindi, na vichupa vilivyosazwa ndani na juu ya friji vilikuwa vinajaa gesi na kufyatuka kimoja baada ya kingine. Jeshi lilikuwa linafyatua risasi kwelikweli. Ukuta ulikuwa mweupe, suti ilikuwa nyeupe, na jirani alikuwa anagonga akiuliza kama kuna vita.

Ndipo Kauli akafanya kosa ambalo mtu asiyewahi kuonja bidhaa yake hulifanya. Alichukua sufuria, akamimina kila tone lililobaki, akalichemsha mpaka likatokota. Likatulia kabisa. Akalijaza upya akijipongeza kwa akili.

Ijumaa asubuhi, kwa tahadhari tu, akajaribu kijiko kimoja kwenye kikombe cha maziwa ya vuguvugu. Kufikia jioni maziwa yalikuwa maziwa. Akaongeza kijiko, akaongeza tena, akabembeleza, akaapiza. Jeshi zima lilikuwa limefia kwenye sufuria.

Akakimbia kwa Mama Mtindi. Mlango umefungwa, amekwenda kwa binti yake aliyejifungua. Akakimbia dukani. "Huu wa boksi umepashwa moto ili ukae miezi," muuzaji akamwambia. "Hauwezi kugandisha kitu." Tumbo la Kauli likapiga ngoma njia nzima. Hakuwaza tena utajiri, aliwaza ile hoteli, na nyuma yake uso wa dada.

Alipokatiza mbele ya saluni, harufu ikamsimamisha. Ile ile aliyoichukia tangu utotoni.

Akaingia. Nusu ya madraya yalikuwa na wanawake chini yake, kila mmoja na kikombe mkononi. Nusu nyingine yalikuwa na ndoo. Ndoo zilizofungwa taulo, zimeinamishiwa draya kwa moto mdogo, zinapata vuguvugu kama mabibi harusi.

"Karibu, mtaalamu," akasema mwenye saluni. "Tumekusubiri."

"Madam, naomba kijiko kimoja tu. Ni wangu hao!"

"Babu zao walikuwa wako. Hawa ni vitukuu, wamezaliwa hapa." Akaweka mkono kifuani. "Na hii siyo chupa, mwanangu. Hii ni kambi. Askari wa ukoo bora, waliolelewa kwa nidhamu. Vitu hivyo havitolewi bure."

"Unataka nini?"

"Joto ninalo. Sina baridi."

Kauli akapiga hesabu: kwa mkataba wa hoteli angenunua friji mbili, amrudishie dada mpya inayong'aa, kabla shule hazijafunguliwa. "Ninayo friji," akasema. "Ina kipepeo mlangoni, lakini haitoi kelele."

Mwenye saluni akatupa jicho kwenye draya ya pembeni kabisa. Mteja aliyekaa hapo, taulo limemfunika uso wote, akanyanyua dole gumba. Kauli akadhani anaomba joto liongezwe.

"Ilete," akasema mwenye saluni.

Jumamosi mwenye hoteli alitia kijiko. Jumapili alfajiri maziwa yalikuwa yameganda, mazito na ya kung'aa, mpaka Kauli mwenyewe akatokwa na machozi.

"Safi sana," mwenye hoteli akasema, akampa mkono. "Umenithibitishia."

"Basi mkataba..."

"Mkataba wa nini tena? Nimeshatia kijiko kwenye sufuria kubwa ya jikoni. Si ulisema wanazaa kuliko sungura?" Akamsindikiza mpaka getini kwa heshima zote.

Kauli akakaa ukingoni mwa barabara. Mtu mmoja anaweza kupigwa mara mbili kwa fimbo ile ile, na fimbo yenyewe ameichonga yeye. Alilia kidogo, na hakujionea haya. Angeweza kutoroka mji. Miguu yake, iliyozoea kutoroka, ilimpeleka kwenye saluni kuomba friji irudi, hata kwa kupiga magoti.

Friji ilikuwa mlangoni, imefunguliwa, na mtu ameinama akipanga vikombe ndani yake. Mtu huyo akainuka. Rola kichwani, taulo shingoni.

"Dada," Kauli akasema.

"Nilikuwa nimekaa draya ya pembeni ulipokuwa unaniuzia friji yangu," dada akasema. "Umenipita mara mbili, hukunisalimia."

"Dada, nisamehe. Nilitaka kukununulia mpya. Sina uongo mwingine, umeniishia."

Dada alijitahidi kubaki na hasira, akashindwa, akacheka mpaka rola mbili zikaanguka. Kumbe tangu Ijumaa yeye na mwenye saluni walikuwa washirika: mmoja joto, mwingine baridi, na Mama Mtindi angerudi kuwafundisha kazi. "Sijasema sina ndugu," akasema. "Bado. Kunywa hiki."

Kauli alifunga macho, akanywa. Ulikuwa mchachu, wa baridi, mtamu ajabu. Tumbo likanyamaza. Huenda ni bakteria. Huenda ni woga uliotoka.

"Na mimi nifanye nini?"

Dada akamwelekeza kwenye ndoo chafu.

Alikuwa amekunja mikono ya suti, povu mpaka kwenye viwiko, mteja mgeni alipoingia akauliza vikombe vile ni vya nini. Kauli akaruka wima. "Madam, hawa ni askari wa..."

Dada akakohoa.

"Ni mtindi," Kauli akasema. "Mtamu. Tumbo langu limeupenda, la kwako silijui."

Mgeni akanunua vikombe viwili bila kubembelezwa. Kauli akabaki amesimama na dodoki mkononi, akimtazama kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.