Kamera Isiyoidhinishwa Kuona

Umma unatangaziwa kwamba Kamati ya Uteuzi wa Kamera ya Gari la Mkurugenzi imekamilisha kazi yake kwa mafanikio makubwa. Mimi ndiye Katibu wa kamati hiyo, kwa hiyo hayo mnayoyasikia mitaani ni umbea mtupu. Ukweli ninao mimi, na nimeugonga mhuri.

Chanzo chake ni bampa. Lilibonyea mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na dereva, mtu mzima aliyeshika usukani wetu miaka kumi na tisa, akadai hajui lolote. "Ijumaa naliacha zima, Jumatatu nalikuta limebonyea," alisema. Mwisho wa wiki gari hulala kwa Mkurugenzi. Kamati haikuona uhusiano wowote. Mkurugenzi akaagiza itafutwe kamera ya kufunga kwenye kioo cha mbele, dereva akigonga tena tumnase na kumfukuza bila maneno mengi.

Tulikaa vikao kumi na kimoja. Mjumbe mmoja alitaka kamera inayofanana rangi na viti. Mwingine akauliza kama kamera ina maadili. Fundi aliyeleta sampuli, dada mmoja mwenye bisibisi mfukoni, alituchoka mapema.

"Hii inaona mbele tu. Hii inaona mbele na ndani, na sauti inanasa. Mnataka nini hasa?"

"Inayomwona dereva," nikasema.

"Yaani yeyote aliyeshika usukani?"

"Dada, usitufundishe kazi."

Tukachukua ya mbele na ndani. Mkurugenzi akatia saini kanuni mpya: atakayeonekana akiligongesha gari, atakabidhi funguo papo hapo na hataligusa tena. Neno "hataligusa" alilipigia mstari mwenyewe, kwa wino mwekundu. Ijumaa ya wiki hiyohiyo fundi akaifunga.

Jumamosi Mkurugenzi aliliendesha gari mwenyewe, mimi nikiwa pembeni yake kama mwangalizi. Tukiwa tunaingia kwake, yeye akisoma ujumbe kwenye simu, nguzo ya lango, ambayo haijawahi kuwa na nidhamu, ikatugonga. Niliona kitaa chekundu cha kamera kinawaka. Wala sikushtuka. Fomu ya kuizindua ilikuwa bado mezani kwangu, haijasainiwa, na kifaa kisichoidhinishwa hakiwezi kuona. Hilo analijua yeyote aliyewahi kufanya kazi ofisini.

Jumatatu nikampa dereva barua ya kufukuzwa. Aliisoma amesimama.

"Ndugu Katibu, binti yangu yuko mwaka wa mwisho chuoni. Nikitoka leo, naye anatoka. Haki ya Mungu, sijaligusa lile bampa."

Niliumia, nakiri. Lakini barua ilikuwa imeshagongwa mhuri.

Saa nne nikasaini fomu, na wafanyakazi wote wakaitwa ukumbini kwenye uzinduzi. Fundi akaunganisha kamera na runinga.

"Nianzie wapi?"

"Mwanzo kabisa," akasema Mkurugenzi kwa ukarimu. "Hatuna cha kuficha."

Runinga ikawaka. Tukamwona Mkurugenzi, usukani mkono mmoja, simu mkono wa pili. Ikaja nguzo. Kisha ikasikika sauti, safi kiasi kwamba hata mimi niliusifu uteuzi wetu.

"Lo! Tena?" Huyo Mkurugenzi.

"Usijali, bosi. Tutamtupia dereva, kama zile mbili." Huyo mimi.

Mama wa usafi ndiye aliyeanza kucheka. Baada yake sikumwona ambaye hakucheka.

"Picha ni batili!" nikaruka. "Siku hiyo kamera ilikuwa haijaidhinishwa!"

Dereva alikwenda kwenye ubao wa matangazo, akasoma kanuni kwa sauti, taratibu, mpaka kwenye wino mwekundu. Kisha akanyoosha kiganja.

"Bosi, funguo."

Mkurugenzi akazitoa. Barua ya dereva nikaichana mwenyewe, vipande vinne, kwa kufuata utaratibu.

Tangu hapo wanasheria wetu wameipekua kanuni na hawajapata njia ya mtu kupanda gari bila kuligusa. Kwa hiyo Mkurugenzi anakuja kazini kwa miguu, nami nambebea mkoba. Jana dereva alitukuta kwenye kona, tunatota jasho. Akapunguza mwendo, akashusha kioo.

"Wakuu, tabasamuni kidogo," akasema. "Inaona na mbele."