Jinsi Obeid Alivyoutiisha Moto wa Trekta Madibira

Ulianza kusikika mluzi. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umeyalalia majaruba ya mpunga ya Madibira, hata yangeyange hawakuonekana, na kutoka ndani ya ukungu huo mluzi ukapanda, mwembamba na mkali, kama birika la jeshi zima lililosahauliwa jikoni. Ikafuata ngurumo ya kikohozi, kisha kimya, kisha tusi la Kisangu ambalo kalamu yenye heshima hailiandiki.

Sogeeni basi, enyi mliolima, na enyi mnaoula tu mchele wa Mbarali bila kuuliza umetoka wapi. Masultani na majemadari wamekwisha kusifiwa vya kutosha na watu waliolishwa nao. Leo anasifiwa dereva wa trekta, na asiyependa aende akasikilize hotuba za mwenyekiti, ambazo hazijapata kuisha.

Ukungu ulipoinuka akaonekana Obeid mwana wa Mika, Mpasua-Udongo, Mkalia-Kiti-Kilichochanika, tope limemfika magotini, amesimama mbele ya Radi, trekta jekundu la chama cha wamwagiliaji, lililokuwa likifuka mvuke kila upande wa boneti. Na juu ya tuta, kanga imekazwa kiunoni, alisimama Severina mwenye jaruba, macho yake yakitoka kwenye trekta kwenda kwenye maji na kurudi. Maana maji yale yalikuwa ya zamu. Jua likizama, mgawa maji angelifunga lango la mfereji na kuwapelekea wengine, na jaruba ambalo halijachavangwa, udongo na maji vikawa uji, lingekauka likawa sakafu. Miche yake kitaluni ilikuwa imekwisha kurefuka na isingengoja zamu nyingine. Jaruba hilo lilikuwa chakula cha nyumba yake cha mwaka mzima. Msiseme basi kwamba mmeitwa kusikiliza upuuzi.

Na mbele ya Radi, kutoka taa hadi taa, limefungwa kwa kamba za nailoni, lilikaa bango la turubai lenye uso wa Kalinga, mwenyekiti wa chama, akitabasamu kwa meno yote. Tangu zamani kinamama hulifunga trekta kanga puani siku ya kufungua msimu, na jioni ya siku hiyo hiyo wakaifungua. Lakini mwaka huu, uchaguzi wa chama ukiwa mwezi ujao na mavuno yakiwa mbali huko mwezi wa sita, Kalinga aliiondoa kanga akaweka uso wake, akatangaza kwamba atakayeufungua kabla ya kura kuhesabiwa asiguse tena usukani. Watu wakapiga makofi. Hodari sana sisi kwa makofi.

Obeid akaingia vitani. Kwanza akauendea mfuniko wa rejeta kabla haujapoa, naye adui akamrukia na mkuki wa maji ya moto, shujaa akarudi kinyumenyume akakaa ndani ya tope kwa kishindo. Severina akamuuliza kama huko ndiko kuchavanga kwenyewe, maana kwa makalio ingechukua muda. Injini ilipopoa Obeid akainywesha maji, ikalima mistari michache, mshale wa joto ukapanda na mluzi ukalia tena. Akaukagua mkanda wa feni. Ulikuwa umekaza kama ngozi ya ngoma. Akaing'oa thamostati, kama wafanyavyo mashujaa wote wa barabara kuu kuanzia Ruaha Mbuyuni mpaka Mbeya wasipojua la kufanya, akaitupa mbali kwa dharau, akawasha. Mluzi.

Jua likafika utosini. Mmoja baada ya mwingine majirani walikuja kutoa ushauri, wote wakasimama mbele ya lile bango, wote wakatazama pembeni.

Ndipo Obeid akakanyaga mafuta kwa hasira, na Severina, aliyesimama mbele, akaona mashavu ya mwenyekiti yanazama. Obeid akipunguza, mashavu yanajaa; akiongeza, yanazama tena, turubai likinyonywa na feni na kugandamana na wavu wa rejeta.

"Obeid, mnyalukolo, ndugu yangu," akasema, "mbona mwenyekiti anapumua?"

Shujaa akashuka, akatazama, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akijua tangu asubuhi. Kisha akampigia Kalinga simu, maana ujasiri wake ulikuwa mkubwa lakini usukani aliupenda zaidi.

Kalinga akafika kwa bodaboda, viatu vinang'aa, akabaki juu ya tuta. Akahutubia. Akasema uso ule ulizinduliwa mbele ya mashahidi, kwamba kuuondoa ni kuwaondoa wanachama wenyewe, kwamba adui wa maendeleo huanza na kamba moja.

Obeid akavua kofia. "Mwenyekiti, trekta hupumulia mbele. Umelilalia pua. Ukitaka nikae kimya nitakaa, ila mama huyu atalala njaa huku wewe unacheka."

Kalinga akatazama watu, akatazama meno yake kwenye bango. Hapo Severina akaingia na sauti tamu kama ya kwaya ya Jumapili, akasema si lazima uso uondoke, uhamie nyuma tu. Anayepita mbele ya trekta humwona mwenyekiti mara moja, bali anayelifuata nyuma humwona shamba zima.

Mwenyekiti akalipenda wazo hilo. Alikuwa hajakanyaga jaruba tangu achaguliwe, hata akasahau kinachorushwa na visu vya rotaveta, lile jembe linalozunguka nyuma ya trekta. Akaamuru bango lifungwe nyuma, juu yake kabisa, na fundo la mwisho akalikaza mwenyewe.

Radi likavuta pumzi, likanguruma, likaingia majini. Andikeni basi, ninyi wenye kuandika: alasiri ile mshale wa joto ulifika katikati ukatulia, na Obeid Mtiisha-Moto akalipasua jaruba kutoka tuta hadi tuta, mpaka likawa uji laini, nalo jua lilikuwa halijagusa milima. Vigelegele vikapaa. Mgawa maji akaja kufunga lango, akakuta kazi imekwisha.

Kisha trekta likageuka, watu wakaona mgongo wake. Pale palipokuwa na uso palikuwa na tope, na pembeni sikio moja. Kalinga alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza hotuba haikutoka.

Severina akamsogelea, akaishika mikono yake kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Usihuzunike, mwenyekiti. Nakuahidi mbele ya watu hawa: nitalifua bango mwenyewe, kwa sabuni, mpaka meno yang'ae. Nikishavuna."